Karai la Muqaddas

Wiki yangu ya kwanza katika nyumba ya Margilan,
bibi harusi ambaye viatu vyake bado vinabana,
nililiosha karai la mama mkwe kwa sabuni.
Nikalisugua kwa waya mpaka likawa kijivu,
nikaliegemeza ukutani lichuruzike,
nikaita: Mama, njoo utazame.

Muqaddas akaja. Akatazama.
Akanyamaza kama maji ya mtungini.
Akachukua kitambaa akalikausha,
tumbo, mgongo, hata masikio yake manne,
nami nimesimama na povu kwenye viwiko
nisijue nimeua nini.

Jioni aliniambia maneno mawili, hayakuzidi:
"Lilikuwa jeusi."

Sikujua weusi ule haukuwa uchafu.
Sikujua ni miaka thelathini ya mafuta ya mkia wa kondoo
yaliyokunywa moto yakageuka ngozi.
Tohara ya Elmurod ilikuwamo,
matanga ya baba yake yalikuwamo,
na kipupwe kile mkate ulipouzwa kwa kadi
na karai likapika turnipu, likashukuru.
Tabaka juu ya tabaka,
jembamba kuliko utando wa kitunguu,
nami nimeyamaliza asubuhi moja
kwa sabuni ya unga yenye harufu ya limau.

Ijumaa akawasha kuni za mforsadi.
Akamimina chumvi ya mawe, kilo nzima,
akanipa mwiko: koroga.
Nikakoroga. Chumvi ikawa kahawia, ikawa majivu,
ikitafuna kutu kwa meno madogo.
Akaimwaga. Akatupia vipande vya mafuta,
vyeupe kama vipande vya sabuni
(nikainamisha kichwa),
akavizungusha kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti
kutoka kitovuni hadi ukingoni.
Moshi ukafunika ua mzima.
Robiya, jirani, akachungulia juu ya ukuta:
"Nani anaolewa?"
"Karai," akasema Muqaddas.
Ndipo nilipomsikia akicheka, mara ya kwanza.

Mengine nilijifunza kwa kumtazama mikono.
Maji ya moto, chuma kingali na joto;
la baridi ukilimwagia ya moto, au la moto ya baridi,
utalisikia likilia, kisha utaona ufa.
Mwiko wa mbao. Kitambaa. Lirudi jikoni
mpaka tone la mwisho lipige kelele na kutoweka.
Halafu mafuta, kidogo, kidogo zaidi ya hapo:
yakizidi hunata
kama maneno ya mtu anayejipendekeza.

Hiyo ni miaka kumi na tisa iliyopita.

Alipotutoka, siku tatu hatukuwasha moto.
Majirani walileta chakula, ndiyo desturi ya hapa.
Siku ya nne nikalikuta karai uani
limelala chali, limejaa mvua.
Mtu mwema alikuwa ameliosha.
Simlaumu; namjua mtu huyo, nilikuwa yeye.
Kutu ilikuwa imefika, rangi ya ganda la komamanga.
Kutu haina mbio,
ila haina siku ya mapumziko.

Elmurod akasema tununue jingine,
la kisasa, jepesi, lisiloshika chakula.
Sikumjibu. Nikatafuta chumvi.

Nililichoma peke yangu.
Nilijua moshi ungenipa ruhusa ya macho mekundu,
na Robiya, aliyezeeka sasa, alikaa upande wake wa ukuta
asiulize kitu.

Halijawa jeusi bado.
Upande unaotazama lango una baka la kijivu,
mkubwa kama kiganja.
Nikipika pilau ya karoti na mchele mwekundu wa bondeni
hapo ndipo unaposhika.
Naupakulia ugeni wali mlaini,
naukwangua ukoko polepole, nisiumize ngozi changa,
naula mwenyewe, nimesimama,
karai lingali na joto.